Je, Jamie Lloyd aliiharibu Shakwe ya Chekhov?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, naishi Uingereza. Mwaka 2022 nilikwenda sinema na rafiki yangu kutazama rekodi ya The Seagull, yaani Shakwe ya Anton Chekhov, ile iliyoongozwa na Jamie Lloyd na Emilia Clarke akacheza Nina. Tulitegemea kuona ziwa, shamba na magauni marefu. Tukakuta watu wamekaa kwenye viti vya plastiki ndani ya boksi la mbao, miguu mitupu, wananong'ona. Rafiki yangu aliondoka wakati wa mapumziko akisema wameiharibu. Mimi nilibaki, na mwishoni nililia. Niliposoma wahakiki nikachanganyikiwa zaidi: huyu anaisifu kupita kiasi, yule anasema ni kama kikao cha kusoma maandishi kabla ya mazoezi kuanza. Mwaka 2025 ikawa vilevile kwa Shakwe ya Cate Blanchett. Nani yuko sahihi? Na mtu ambaye hajaisoma tamthilia yenyewe ana haki gani ya kusema imeharibiwa?

Jibu: Marahaba binti yangu. Nianze na hilo la mwisho. Rafiki yako ana haki zote. Alilipa, alikaa, alisikiliza, akachoka. Tamthilia huandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, anayeingia bila maandalizi, na uchovu wake ni ushahidi ambao mwongozaji yeyote makini angetaka kuusikia. Ila ushahidi huo unatuambia kwamba kuna mahali onyesho lilimpoteza. Hautuambii lilimpotezea wapi, wala kama kosa lilikuwa la Lloyd, la Chekhov, au la matarajio aliyokuja nayo. Hapo ndipo kusoma kunasaidia.

Na ukiisoma utashangaa, maana tamthilia mliyoitazama inaanza na ugomvi huu huu uliowatenganisha. Rudi sehemu ya kwanza. Konstantin Treplev, kijana wa miaka 25, amejenga jukwaa dogo la mbao kando ya ziwa, kwenye shamba la mjomba wake Sorin. Hana mandhari ya kuchora. Pazia likifunguka watu wataona maji na upeo wa anga, basi. Amepanga lifunguliwe saa mbili na nusu kamili, mwezi unapochomoza. Nina, binti wa jirani ambaye Konstantin anampenda, amekaa juu ya jiwe, amevaa nyeupe tupu, anatamka maneno ya roho ya ulimwengu, miaka 200,000 ijayo, wakati viumbe vyote vimekwisha kufa. Kisha yanatokea macho mekundu ya shetani, na harufu ya kiberiti inatanda. Mama yake Konstantin, Arkadina, mwigizaji mwenye jina kubwa, anauliza kwa sauti kama kiberiti hicho kilikuwa lazima, halafu anacheka. Kijana anashindwa kuvumilia. Anapiga kelele kwamba mchezo umekwisha, pazia lishushwe, naye anaondoka.

Sasa tazama walivyoupokea. Arkadina anasema ni mambo ya kidekadenti, yaani sanaa iliyopotoka, na anachukulia kwamba mwanawe amemfanyia kusudi, amelenga kuudhihaki ufundi wake. Trigorin, mwandishi mashuhuri, anajibu kwa upole kwamba kila mtu huandika anavyotaka na anavyoweza. Nina, aliyecheza mwenyewe, alikwisha kumwambia Konstantin kabla ya pazia kwamba mchezo wake hauna watu walio hai, vitendo ni vichache, maneno ni mengi, na kwamba tamthilia haikosi kuwa na mapenzi. Medvedenko, mwalimu wa shule anayelipwa rubli 23 kwa mwezi na kutunza mama, dada wawili na mdogo wake wa kiume, anauliza kwa nini hakuna anayeandika tamthilia kuhusu maisha ya mwalimu, maisha magumu. Daktari Dorn peke yake anabaki nyuma, anamtafuta kijana, anamwambia imemgusa. Anakiri ni ya ajabu na hata mwisho wake hakuusikia, ila imemgusa. Anamhimiza aendelee, na papo hapo anamwonya kwamba kazi ya sanaa lazima iwe na wazo lililo wazi.

Mimi sijui maandishi mengine ya jukwaani yanayoonyesha vizuri hivi namna watu wanavyopokea kitu kipya. Kila mmoja alitazama kitu kilekile na kila mmoja alijibu kutokana na alichokuwa nacho moyoni. Na Chekhov hampi ushindi yeyote kati yao. Arkadina ni mkatili usiku ule, lakini hoja yake kuhusu kiberiti ni hoja halali ya mtu wa kazi. Mchezo wa Konstantin kweli una upungufu, kama Nina alivyoona. Na Dorn naye ana haki. Nakuomba uwaweke watu hawa watano karibu, kwa sababu ukisoma maoni ya wahakiki na ya watazamaji kuhusu Lloyd utawakuta wote wamo humo.

Nakwenda kwanza kwenye usiku wa tarehe 17 Oktoba 1896 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, Shakwe ilipochezwa kwa mara ya kwanza katika Jumba la Aleksandrinsky, St Petersburg. Usiku ule ulikuwa wa heshima kwa Levkeyeva, mwigizaji wa vichekesho aliyependwa sana mjini. Yeye mwenyewe hakuwa na nafasi katika Shakwe. Alikuwa anacheza katika komedi iliyopangwa kufuata baadaye usiku uleule. Kwa hiyo jumba lilijaa watu waliokuja kucheka. Vera Komissarzhevskaya, mwigizaji mwenye kipaji kikubwa, alipoanza kutamka maneno ya Nina kuhusu simba na tai na kwale, wakaangua kicheko. Kicheko kikageuka mzomeo. Chekhov aliondoka akatembea peke yake mitaani usiku, na baadaye akamwambia rafiki yake Suvorin kwamba hata akiishi miaka 700 hatapeleka tena tamthilia jukwaani.

Siku chache tu baadaye tamthilia ilirudiwa, waigizaji walewale, jukwaa lilelile, ikapokewa vizuri. Komissarzhevskaya alimwandikia Chekhov kumpa habari hizo. Kilichobadilika sana ni waliokaa vitini. Usiku wa kwanza walikuwa mashabiki wa mtu mwingine. Kwa hiyo unaposikia kwamba London mwaka 2022 jumba lilikuwa na mashabiki wa Emilia Clarke waliomjua kwa mazimwi na viti vya enzi vya televisheni, yaani Game of Thrones, usiharakishe kusema hao si watazamaji wa kweli wa Chekhov. Shakwe ilizaliwa mbele ya watu wa namna hiyo hiyo. Wengine kati yao walitoka mikono mitupu, na wengine naamini walitoka na mwandishi ambaye hawakuwahi kumsikia.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1898, Jumba la Sanaa la Moscow lilipoifufua chini ya waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, ikawa ushindi mkubwa hata shakwe akawekwa kuwa nembo ya jumba hilo hadi leo. Lakini hata ushindi ule haukumridhisha mwandishi. Hakupenda Stanislavski alivyomcheza Trigorin. Alichoshwa na sauti za vyura, nyenje na mbwa zilizojazwa nyuma ya jukwaa ili maisha yaonekane ya kweli. Na hadi alipofariki mwaka 1904 alikuwa akilalamika kwamba anaandika komedi na wao wanazichezesha kama misiba. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu wanaosema "hii si Chekhov" mara nyingi wana picha kichwani: magauni meupe, samovari ya kuchemshia chai, miti, huzuni ya polepole. Picha hiyo ilitengenezwa na waongozaji. Mwandishi aliiona ikitengenezwa na akaipinga.

Basi kama sura ya nje si kipimo, kipimo ni kipi? Mimi hutumia kimoja, na ndicho ninachofundisha. Mwongozaji akiondoa kitu kilichoandikwa, uliza kitu hicho kilikuwa kinafanya kazi gani, kisha tafuta ni nani anayeifanya kazi hiyo sasa. Nyumba inaweza kusimama baada ya nguzo kutolewa, mradi kuna kitu kingine kinachobeba paa.

Chukua farasi wa sehemu ya pili. Arkadina anataka kwenda mjini. Shamrayev, msimamizi wa shamba, anamwambia hakuna farasi, wote wanasomba nafaka. Mama huyu mwenye jina kubwa anachachamaa, anatishia kurudi Moscow leo hii, atakwenda stesheni hata kwa miguu. Hakuna anayekufa, hakuna siri inayofichuka. Lakini tukio lile dogo linabeba mambo mazito: kwamba wenye shamba hawana tena nguvu juu ya shamba lao, kwamba mtumishi anaweza kumnyima bibi mkubwa usafiri, na kwamba watu hawa wamekwama pamoja mahali ambapo hawawezi kuondoka wanapotaka. Sasa wavalishe watu hao jinzi, wape simu mfukoni. Mtazamaji atauliza moyoni, kwa nini asiite teksi? Swali hilo likishapita kichwani mwake, umempoteza, na wala hatajua lini alipotea. Atasema tu kwamba onyesho lilikuwa "halina uhai".

Shakwe ya Lloyd, kwa maandishi ya Anya Reiss aliyeileta lugha kwenye Kiingereza cha leo, iliondoa karibu kila kitu. Boksi la mbao zile nyepesi za kubandika lililobuniwa na Soutra Gilmour, viti vya plastiki, hakuna vifaa mkononi, hakuna ziwa, hakuna shakwe wa kuonekana. Waigizaji wote wapo mbele yetu muda wote, hata wasiohusika na tukio. Wanavaa vipaza sauti vidogo, ndiyo maana wanaweza kunong'ona na mtu wa kiti cha nyuma kabisa akasikia pumzi.

Kilichopatikana ni kikubwa. Watu wa Chekhov husikilizana vibaya sana. Kila mmoja anampenda asiyempenda: Medvedenko kwa Masha, Masha kwa Konstantin, Konstantin kwa Nina, Nina kwa Trigorin, Polina kwa Dorn. Katika onyesho la kawaida mtu akimaliza maneno yake anatoka, na tunamsahau. Hapa Masha hatoki. Amekaa palepale kitini wakati Konstantin anamtamkia Nina mapenzi, na sisi tunamwona. Maumivu ambayo Chekhov aliyagawa katika kuingia na kutoka, Lloyd aliyaweka yote mezani kwa wakati mmoja. Wahakiki waliolisifu onyesho hili waliliona jambo hilo, na walisema kweli.

Kilichopotea nacho ni kikubwa. Nguo na vyeo na namna za kuitana ndizo zinazotuambia nani bwana, nani mtumishi, nani mgeni. Katika boksi lile wote wanafanana. Ukiwa hujasoma tamthilia, itakuchukua muda mrefu kugundua kwamba Polina ni mke wa Shamrayev na mama yake Masha, na wakati unahangaika kuwapanga, mapenzi yake kwa daktari yamekwisha kupita. Mhakiki aliyekwisha kuiona Shakwe mara nyingi hakupata shida hiyo, anawajua watu hawa kama majirani zake. Rafiki yako hakuwa na msaada huo. Alidaiwa ajaze mwenyewe mandhari, daraja za watu na uhusiano wao, na hakuna aliyemwambia mapema.

Kuna jingine. Sehemu ya tatu, Konstantin ameshajaribu kujiua mara moja, kichwa kimefungwa. Anamwomba mama yake ambadilishie bendeji. Kwa dakika chache wanakuwa mama na mtoto, anamgusa kichwa, wanakumbushana zamani. Halafu jina la Trigorin linatajwa, na kufumba na kufumbua wanatukanana. Mama anamwita ombaomba, si lolote si chochote. Kijana analia, na yeye naye analia. Tukio lile limejengwa juu ya vidole vya mama vinavyogusa kidonda alichokisababisha kwa sehemu. Ukiondoa vifaa vyote, sauti inabaki peke yake kuifanya kazi ya vidole. Indira Varma alikuwa Arkadina mwenye nguvu, na bado naamini hapo onyesho lilipungukiwa. Ninaposoma mtu akilalamika kwamba ilikuwa kama kikao cha kusoma maandishi, nadhani alichokikosa ni mguso wa namna hii, hata kama hakukitaja.

Lakini sehemu ya nne, binti yangu, ile iliyokuliza, boksi lile liliistahili kabisa. Miaka miwili imepita. Katika maandishi watu wamekaa usiku wa upepo wanacheza loto, Masha anazitaja namba moja baada ya nyingine, wanazungumza mambo madogo, na Konstantin amejitenga anapiga piano chumba cha pili. Hawana tena la kuambiana. Hapo kukaa kwao kwenye viti, bila pa kwenda, kunakuwa ndiyo maisha yao yalivyo. Na Nina anaporudi, amechoka, maneno yake yanamtoka vipande vipande, ule mnong'ono wa Clarke unafika mahali ambapo sauti kubwa ya jukwaani isingefika. Ndiyo maana sishangai kwamba wewe ulilia na mwenzako alichoka. Onyesho lile halikuwa na thamani moja tangu mwanzo hadi mwisho. Lilidai mkopo mkubwa saa ya kwanza na kuulipa saa ya mwisho, na yeye aliondoka na deni.

Ile ya 2025 pale jumba la Barbican, London, iliyoongozwa na Thomas Ostermeier kwa maandishi aliyoyaandaa na Duncan Macmillan, ilishika njia ya upande wa pili. Badala ya kupunguza, iliongeza. Mwalimu Medvedenko anaingia na pikipiki ya magurudumu manne, ana gitaa la umeme, anaanza kwa wimbo wa Billy Bragg na kuwauliza watu kama wako tayari kwa Chekhov. Blanchett ni Arkadina anayejitangaza hata akiwa likizoni, anacheza dansi ya kugonga viatu, anapasua msamba sakafuni. Mchezo wa Konstantin unatazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe (VR). Watu walicheka sana. Waliofurahi walikumbusha kwamba Chekhov mwenyewe aliandika kwenye jalada kuwa ni komedi. Wasioridhika walisema kicheko kilikolea mno hata huzuni ilipobisha hodi haikupata pa kuingia.

Nitumie kipimo kilekile kwenye ile miwani. Jukwaa la ziwani lilikuwa na kazi mbili. Moja ni kumwonyesha Konstantin kama kijana anayetaka maumbo mapya ya sanaa. Miwani inaifanya kazi hiyo vizuri, pengine kuliko jukwaa la mbao, ambalo kwetu leo linaonekana la kizamani. Kazi ya pili ni kumweka Nina mbele ya maji na mwezi, sura ambayo wote walioketi wanaiona kwa pamoja na kuikumbuka baadaye, hata Nina mwenyewe katika sehemu ya nne anairudia kwa uchungu. Miwani humfungia kila mtu ndani ya kichwa chake. Kazi ya pili ilibaki bila mwenyewe, na hii ni sababu mojawapo iliyonifanya nielewe waliosema mwisho haukuwafikia.

Usidhani basi kwamba kila anayesogeza Chekhov hupunguza. Desemba 2019, National Theatre ya London ilipokea Dada Watatu, tamthilia nyingine ya Chekhov, iliyoandikwa upya na Inua Ellams, mzaliwa wa Jos, Nigeria, ikiongozwa na Nadia Fall. Ellams alihamishia tamthilia Owerri, kati ya 1967 na 1970, wakati wa vita vya Biafra, eneo la Waigbo lililotaka kujitenga na Nigeria. Olga, Masha na Irina wakawa Lolo, Nne Chukwu na Udo. Moscow wanayoililia ikawa Lagos. Swali ambalo limewasumbua watazamaji wa tamthilia ile tangu 1901 ni hili: kama wanaitamani Moscow kiasi hicho, kwa nini wasikate tiketi ya treni? Kwa Chekhov jibu limefichika ndani yao, katika uvivu, hofu, desturi. Kwa Ellams kuna mstari wa vita kati ya dada hawa na Lagos, na wao ni Waigbo. Wifi yao, Natasha wa Chekhov anayeinyakua nyumba chumba kwa chumba, anakuwa Abosede, Myoruba. Kila chumba anachochukua kinauma mara mbili.

Hapa pia watu waligawanyika. Wapo walioona tamthilia imepata damu mpya, kwamba kwa mara ya kwanza waliogopa kwa ajili ya dada hao. Wapo waliosema historia ilizidi: wahusika walilazimika kueleza siasa za Nigeria na mkono wa Uingereza katika vita vile, na muda wa maelezo ukala ule muda wa kukaa bila kitu ambao ndio pumzi ya Chekhov. Lawama hiyo ina ukweli, kuna kurasa ambamo mhusika anazungumza na sisi kuliko na ndugu yake. Bado mimi nampa Ellams alama za juu, kwa sababu alijua anaondoa nini na akaweka kitu chenye uzito badala yake. Na sikubaliani hata kidogo na dhana kwamba dada wa Kirusi ni "watu wote" na dada wa Kiigbo ni "mada maalumu". Baadhi ya maoni yaliyoandikwa London yalielekea huko, na nadhani yalisema zaidi kuhusu aliyeandika.

Mfano unaonigusa kuliko yote umetoka Urusi kwenyewe. Mwaka 2015, katika jumba la Krasny Fakel mjini Novosibirsk, Timofey Kulyabin alichezesha Dada Watatu kwa lugha ya alama ya Kirusi. Waigizaji wanaosikia walijifunza lugha ya viziwi, maneno yakaonyeshwa kwa maandishi, na onyesho lilichukua zaidi ya saa nne. Aliondoa karibu sauti yote ya maneno, kitu ambacho ungedhani tamthilia haiwezi kuishi bila hicho. Fikiria kazi iliyofanywa na kutosikilizana kwa watu wa Chekhov: Andrei, kaka wa dada hao, anamwambia mzee Ferapont mambo yake yote ya moyoni kwa sababu tu mzee huyo hasikii vizuri, angesikia asingemwambia. Katika lugha ya alama, ukitaka kutomsikiliza mtu unageuza uso. Mlango ukifungwa, au taa ikizimika, mazungumzo yamekufa. Kulyabin aliondoa kitu na tamthilia ikawa wazi zaidi. Wahakiki walilipokea kwa heshima kubwa, na lilisafiri nchi nyingi za Ulaya.

Umeniuliza pia wahakiki wanawezaje kutofautiana hivyo. Sehemu ya jibu ni mazingira ya kazi yao. Mhakiki wa gazeti la London hualikwa usiku mmoja, akakaa kati ya wahakiki wenzake na wageni wa kampuni, kisha ana saa chache na maneno mia kadhaa, na juu yake huwekwa nyota kati ya moja na tano. Nyota tatu za mtu aliyesema "sehemu ya kwanza ilinichosha, ya nne ilinivunja" zinafanana kabisa na nyota tatu za mtu ambaye hakuhisi chochote. Kwa hiyo zipite nyota, tafuta sentensi moja inayoeleza kilichotokea jukwaani. Mhakiki anayekwambia nani alikaa wapi na hilo lilibadilisha nini amekupa kitu hata kama hukubaliani naye. Anayekwambia tu kwamba ni "ujasiri" au ni "uharibifu" ameeleza hisia zake.

Na maneno makali si mapya. Mwongozaji Vsevolod Meyerhold, ambaye ndiye aliyemcheza Konstantin kule Moscow mwaka 1898, Desemba 1926 alichezesha tamthilia ya Gogol, mwandishi wa Kirusi, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Aliikatakata katika vipande 15, akaingiza sehemu kutoka rasimu za Gogol, na mwisho kabisa, pale maofisa wanapoganda kwa hofu, watazamaji waligundua kwamba waliosimama mbele yao ni masanamu. Mshairi Demyan Bedny alimshambulia kwamba amekiua kicheko cha Gogol. Waandishi Mayakovsky na Andrei Bely walimtetea. Leo onyesho lile lenye kulaaniwa hufundishwa vyuoni kama moja ya kazi kubwa za jukwaa za karne ya 20. Lakini simtoi kama mfano wa kwamba kila linalozomewa litakuja kutukuzwa. Mengi yaliyozomewa yalistahili. Namtaja kwa sababu waliomlaumu na waliomtetea wote walikuwa wanajua Gogol kwa moyo, na mabishano yao yalihusu kazi halisi: kicheko kilikuwa wapi, sasa kiko wapi.

Kwa hiyo wewe na rafiki yako nyote mlisema kweli kuhusu mlichokiona, ila yeye aliona nusu tu. Alisema imeharibiwa baada ya kuona nusu iliyolipa gharama, kabla ya ile iliyofaidika. Usimbishie. Mpe tamthilia yenyewe, ni fupi, inasomeka jioni moja, na umwombe aandike pembeni kila mahali ambapo kitu cha kushikika kinafanya kazi: farasi, bendeji, loto, yule ndege aliyekufa anayewekwa miguuni pa Nina. Baadaye kaeni pamoja mtazame rekodi nyingine yoyote ya Shakwe mtakayoipata, ya magauni marefu au ya jinzi, na safari hii msiondoke kabla Nina hajaingia kutoka kwenye upepo.